Damu Hutolewa kwa Maji Baridi

Niliwasili Saskatoon katikati ya Agosti 2021, nikakaa karantini siku kumi na nne kama taratibu za wakati ule zilivyotaka, na nilipotoka nje kwa mara ya kwanza nilikuwa na mpango mmoja tu kichwani: kusoma miaka miwili, kupata shahada yangu ya uzamili na kurudi nyumbani. Nilikuwa nimehitimu kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, na kilichonipeleka Chuo Kikuu cha Saskatchewan ni dengu. Wengi wetu hatujui kwamba nyika ile kavu ya magharibi ya Kanada ni miongoni mwa sehemu zinazouza sana nje mazao ya jamii ya kunde, na kwamba kazi hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na kituo cha kuendeleza mbegu kilichoanzishwa chuoni hapo mwaka 1971. Kwa kuwa wakulima wetu wa Shinyanga na Mwanza nao hulima dengu zinazoishia India, nilitaka kujifunza namna ya kupambana na ugonjwa wa ukungu uitwao askokaita, ambao huunguza majani ya dengu kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Michezo haikuwemo katika mpango huo. Katika malezi niliyopata, mwanafunzi anayependa sana michezo ni yule ambaye wazee humwuliza kama vitabu vimemshinda. Nilicheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, nikiwa beki wa kulia, na siku niliyorudi nyumbani na cheti cha ushindi marehemu baba alikisoma chote, akanirudishia, kisha akaniuliza nilikuwa wa ngapi darasani.

Kilichonipeleka kwenye timu za chuo ni shida ya fedha pamoja na kutoelewa tangazo. Tangazo lilisema anatafutwa mwanafunzi wa kusaidia katika chumba cha vifaa, nami kwa akili za mtu wa kilimo nikadhani ni majembe, mashine za kupandia na mizani. Nilikwenda kwenye mahojiano nikiwa nimejiandaa kueleza ninavyojua kurekebisha bomba la kunyunyizia dawa. Nikajikuta katika chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye harufu ya jasho la miaka mingi, kuta zake zikiwa zimepangwa kofia ngumu za kijani na nyeupe kama mafuvu katika jumba la makumbusho, na katikati mashine za kufulia kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Vifaa vilivyohusika vilikuwa vya Huskies, jina la timu zote za chuo hicho, na msimu wa futiboli ulikuwa karibu kuanza baada ya mwaka mzima wa 2020 kupotea kwa sababu ya korona. Niliulizwa swali moja tu: kama ninaweza kuamka mapema.

Mkuu wetu, mtunza vifaa, alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, na kila mtu, hata kijana wa miaka kumi na minane aliyefika juzi kutoka sekondari, alimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa. Kwa wiki mbili nilizungumza naye bila kumwita chochote, nikingoja anitazame ndipo niseme, hadi siku moja nikamweleza tatizo langu na kumwomba ruhusa ya kumwita Mzee. Alitaka kujua maana yake, akacheka sana, akakubali. Kufikia Oktoba wachezaji walikuwa wamelidaka neno hilo, na kwa kuwa hakuna aliyewaeleza, naamini wapo waliohitimu wakidhani kwamba Mzee ni jina la utani alilopewa utotoni.

Mchezo wenyewe sikuuelewa kwa muda mrefu. Kwetu mpira ni mpira, unachezwa kwa miguu na hauhitaji maelezo, ilhali huu wa kwao unabebwa mikononi, una umbo la yai lililochongoka ncha mbili, na kwa jicho la mgeni unafanana na watu wanaopigana, wakasimama kuujadili ugomvi wao, kisha wakapigana tena. Mzee alinifundisha taratibu tukikunja taulo. Uwanja wa Kanada una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, mkubwa kuliko wa Marekani; kila upande una wachezaji kumi na wawili badala ya kumi na mmoja; na timu inapewa majaribio matatu tu ya kusogea yadi kumi, wakati Wamarekani wanapewa manne. Kwa sababu jaribio moja limepungua, timu hulazimika kurusha mpira mbele mara nyingi zaidi au kuupiga teke na kuwaachia wapinzani, na hapo ndipo inapotokea kanuni iliyonistaajabisha kuliko zote: ukipiga teke kulenga goli ukakosa, na mpira ukaingia katika eneo la nyuma ya mstari wa wapinzani nao wakashindwa kuutoa, unapata pointi moja. Nilimwuliza Mzee kama kweli nchi nzima imekubali kumpa mtu pointi kwa kukosa. Akanijibu kwamba ndiyo, na kwamba amewahi kuona mechi zikiamuliwa hivyo. Alipenda pia kukumbusha, hasa akiwapo Mmarekani chumbani, kwamba ni wanafunzi wa McGill kutoka Montreal waliosafiri kwenda Harvard mwaka 1874 na kuwaonyesha wenyeji wao namna ya kukimbia na mpira mikononi.

Ninachotaka msomaji akumbuke katika hesabu za mchezo huu ni kitu kimoja. Kuuvusha mpira hadi ndani ya eneo la wapinzani kunaleta pointi sita, na baada ya hapo timu inapiga teke fupi la nyongeza lenye pointi moja. Sita na moja. Nitazirudia namba hizo.

Vyuo vikuu ishirini na saba vilikuwa vikicheza futiboli wakati wangu, vikiwa vimegawanywa katika kanda nne, na kanda yetu ya magharibi ilikuwa na sita: British Columbia, Alberta, Calgary, Regina, Manitoba na sisi. Bingwa wa magharibi hutwaa Kombe la Hardy, kisha mabingwa wa kanda hukutana katika nusu fainali mbili, na washindi huwania Kombe la Vanier, linaloitwa kwa jina la Georges Vanier, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada lilipoanza kushindaniwa mwaka 1965. Huskies walikuwa wamelichukua mara tatu: 1990, 1996 na 1998. Kocha mkuu, Scott Flory, alikuwa mmoja wa wachezaji wa kikosi cha 1998, akaenda kucheza kwa miaka mingi kama mlinzi wa mstari wa mbele wa Montreal Alouettes, kisha mwaka 2017 akarudi kupokea timu kutoka kwa Brian Towriss aliyekuwa ameifundisha tangu 1984. Makocha wakuu wawili katika miaka karibu arobaini! Nilipowasimulia marafiki zangu wa Dar es Salaam walinijibu kwamba klabu zetu za Kariakoo zinaweza kumaliza idadi hiyo kabla ya sikukuu ya Krismasi.

Wachezaji nao hawakuwa watu niliowatarajia. Nilidhani nitakuta vijana wanaolipwa na kubembelezwa kama tunavyosikia kuhusu vyuo vikubwa vya Marekani, lakini katika vyuo vya Kanada ufadhili wa mchezaji hauruhusiwi kuvuka ada ya masomo na michango ya lazima. Chumba, chakula na nauli ni juu yake. Wengi walifanya kazi majira ya joto, na baadhi walifanya hata msimu ukiendelea. Kitivo chetu cha kilimo kilikuwa na wachezaji kadhaa, watoto wa wakulima, na Septemba wakati wa mavuno ya ngano ilikuwa kawaida kumwona mmoja akiondoka Jumamosi jioni baada ya mechi, akiwa na barafu imefungwa begani, kwenda kuendesha mashine ya kuvunia usiku kucha katika shamba la baba yake. Wapo waliotoka katika vijiji vidogo kiasi kwamba shule yao haikuweza kupata wachezaji kumi na wawili, na kwa hiyo mkoa huo umeruhusu mashindano ya sekondari ya wachezaji tisa, na mengine ya sita. Kijana mmoja aliyetoka katika mchezo wa watu sita aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza chuoni alihisi kama amehamia sokoni siku ya gulio: kila alikogeuka kulikuwa na mtu.

Umbali pia ulinifunza kitu kuhusu nchi ile. Regina, majirani zetu wa karibu, wako kiasi cha kilomita 260, na hiyo kwao ni mechi ya jirani. Edmonton ni zaidi ya kilomita 500, Calgary karibu 600, na Winnipeg karibu 800, njia nzima ikiwa tambarare kana kwamba mtu ameipiga pasi. Mabasi yaliondoka alfajiri, na sisi tulikuwa tumeondoka kitandani saa tatu kabla yake, kwa sababu mizigo ya timu ya futiboli si begi la jezi na mipira mitatu. Ni kofia ngumu, ambazo kila moja imejazwa hewa kwa sindano mpaka ikae sawasawa juu ya kichwa cha mwenyewe. Pedi za mabega, za mapaja na za magoti. Njumu jozi mbili kwa kila mchezaji kwa kuwa uwanja wa Jumamosi unaweza kuwa umelowa au umeganda. Vipuri vya kila skrubu na kila mkanda wa kidevu. Na mafungu ya taulo ambayo yangetosha hosteli nzima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolikumbuka kuliko yote. Ilikuwa wiki ya tatu ya msimu, timu imerudi kutoka ugenini usiku, na jezi nyeupe zilikuwa zimeloa damu, kwa maana katika mchezo ule ngozi za mikono na viwiko huchubuka bila mtu kulalamika. Nilitaka kumfurahisha Mzee. Nilijua kwamba madoa sugu yanataka nguvu, kwa hiyo nikazitia jezi zote katika maji ya moto kabisa, nikaongeza sabuni, nikaenda kulala. Asubuhi nilizikuta zina mabaka ya kahawia yaliyoganda kwenye nyuzi, kumi na mbili kati yake hazifai kuvaliwa mbele ya watu. Mzee alisimama kimya akiinua moja baada ya nyingine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa, kwamba joto huipika damu ikashikamana na kitambaa, na damu hutolewa kwa maji baridi, mapema, bila haraka. Tukazilowesha upya, tukazisugua kwa mikono siku mbili, tukaokoa tisa.

Usiku ule nilimpigia mama simu Mafinga kumweleza. Aliniacha nimalize.

"Baba," akaniambia, "hilo hukulijua? Nimewafulia ninyi nguo za shule miaka yote hiyo, mnarudi na magoti yamechanika, nani aliwahi kuniona nikichemsha maji?" Halafu akanyamaza kidogo, akauliza: "Hivi, mwanangu, ulikwenda huko kusoma au kufua nguo za watu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia vyote viwili.

Nilidhani kwa kuwa nimekulia Mafinga ninaijua baridi, lakini baridi ya Saskatoon ya Novemba ni kiumbe kingine. Tulicheza mechi nyuzi zikiwa chini ya sifuri, plastiki ya pedi ikikakamaa mpaka inalia kama ubao, mpira ukiteleza kama sabuni, na maji katika chupa yakianza kuwa barafu kabla mchezaji hajafika kunywa. Kazi yangu pembeni mwa uwanja ilikuwa kutunza mipira mikavu ndani ya begi lenye vifuko vya kupasha joto na kukimbilia skrubu za kofia zinapolegea. Uwanja wa Griffiths una nyasi za bandia, na chini ya nyasi hizo kuna chembe nyeusi za mpira, ndogo kama mbegu za mchicha ila hazing'ai, ambazo huingia kila mahali: ndani ya soksi, masikioni, katika mifuko ya koti, ndani ya daftari langu la maabara. Nilizizoa kutoka katika vichujio vya mashine za kufulia kwa ndoo.

Msimu ule wa 2021 Huskies walitwaa Kombe la Hardy, wakaenda Montreal kucheza nusu fainali dhidi ya Carabins wakashinda, na tarehe 4 Desemba wakawa katika jiji la Quebec kwa ajili ya fainali dhidi ya Mustangs wa Chuo Kikuu cha Western. Wasaidizi wapya hawasafiri kwenda fainali, nafasi za ndege zina hesabu yake, kwa hiyo niliitazama mechi kwenye runinga pamoja na wanafunzi wengine, sote tukiwa na barakoa. Tulifungwa 27 kwa 21. Pointi sita. Mara moja tu kuuvusha mpira, na lile teke fupi la nyongeza, na kombe lingekuwa letu.

Mizigo ilifika kesho yake usiku. Nilikuwa nimezoea kupokea mifuko baada ya ushindi, ikirushwa mlangoni kwa kelele na nyimbo, na mara chache baada ya kufungwa mechi ya kawaida, ikiwekwa chini kwa adabu. Safari hii wachezaji waliingia mmoja mmoja, kila mtu akauweka mfuko wake mahali pake palepale pa siku zote, wengine wakasema ahsante. Hakuna aliyeupiga ukuta. Nilifua mpaka saa nane ya usiku, kwa maji baridi, nikiona jinsi damu inavyoachia kitambaa na kuyapaka maji rangi ya chai iliyochujwa, na Mzee alikaa juu ya kreti akikagua kofia moja baada ya nyingine kana kwamba kuna mechi Jumamosi ijayo. Nilimwuliza kwa nini asiziache mpaka Januari. Alisema kofia haijui kama imeshinda.

Januari ndipo nilipoona jambo ambalo, kwa kweli, ndilo lililonifanya niandike haya. Makocha waliwaita wachezaji wanaobaki kutazama picha ya fainali, na kwa sababu mimi ndiye niliyebeba viti na ndiye niliyekuwa na funguo, nilikaa nyuma kabisa ya chumba. Nilitarajia hotuba. Kwetu timu ikifungwa fainali kuna mambo matatu yanayozungumzwa: mwamuzi, uwanja, na la tatu ambalo watu hulisema kwa kunong'ona wakitazama nani anasikiliza. Pale hapakuwa na hotuba wala mwamuzi. Picha ilichezwa sekunde nne, ikasimamishwa, ikarudishwa nyuma, ikachezwa tena. Kocha msaidizi alimwuliza kijana wa mstari wa mbele mguu wake wa kulia ulikuwa unaelekea wapi. Kijana akasema ulielekea nje. Ulitakiwa uelekee wapi? Ndani. Sawa. Wakaendelea na sekunde nne nyingine. Saa mbili na nusu zilipita namna hiyo, na zile pointi sita zilizokuwa zimenilemea mwezi mzima kama msiba usio na mwenyewe, zikageuka kuwa vitu vidogo vidogo vyenye anwani: mguu ule, mkono ule, jicho lililotazama kulia wakati wa kutazama kushoto. Hakuna aliyefokewa, na hakuna aliyeachwa bila kutajiwa chake.

Mwezi uliofuata jaribio langu la kwanza la maabara liliharibika. Nilikuwa nimeotesha aina sita za dengu katika nyumba ya kioo, nusu ya mimea nikaiambukiza ukungu kwa makusudi na nusu nikaiacha salama ili iwe ya kulinganishia, na baada ya siku kumi mimea yote, iliyoambukizwa na isiyoambukizwa, ikawa na madoa yaleyale. Miezi minne ya kazi ilikwenda na maji. Kwa siku mbili niliishi na maelezo niliyoyajua tangu utotoni, kwamba ni bahati mbaya, kwamba Mungu hakupenda, kwamba pengine mbegu zililetwa zikiwa na kasoro. Siku ya tatu nilichukua daftari langu, nikatikisa zile chembe nyeusi za uwanjani zikaanguka mezani, nikaanza kusoma kila siku ya jaribio kana kwamba naitazama picha: nini nilishika kwanza, nini nilishika pili, mkono ulikwenda wapi. Ilinichukua jioni nzima kufika mahali penyewe. Siku ya sita nilikuwa nimetumia chupa moja ya kunyunyizia kwa pande zote mbili, nikiwa nimeisuuza haraka kwa sababu basi la timu lilikuwa linaondoka na nilikuwa nimechelewa kupakia. Nilipomwandikia profesa wangu sikuandika kwamba jaribio limeshindwa. Niliandika siku, saa, chupa na sababu. Alinijibu kwa mistari miwili, akanipa tarehe ya kuanza upya.

Sina budi kusema kwamba futiboli haikuwa timu pekee iliyopita mikononi mwetu. Majira ya baridi tulihudumia mpira wa wavu, mieleka, na hoki ya barafu, ambayo tangu 2018 ilikuwa na ukumbi mpya wa Merlis Belsher na ambayo glavu zake, naapa, zina harufu inayoweza kumfukuza mtu nyumbani kwake. Waliotufundisha heshima zaidi ni wanawake wa mpira wa kikapu. Walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 2016 na tena Machi 2020, siku chache kabla korona haijafunga kila kitu, chini ya Lisa Thomaidis, ambaye wakati huohuo aliinoa timu ya taifa ya wanawake ya Kanada. Na jezi zao zilirudi zimekunjwa. Mashabiki hata hivyo walijaa zaidi kwenye futiboli, na sioni haki yoyote katika hilo.

Msimu wa 2022 nilikuwa mzoefu. Tulilitwaa tena Kombe la Hardy, timu ikavuka nchi nzima hadi Antigonish, Nova Scotia, karibu na Atlantiki, ikawashinda St. Francis Xavier katika nusu fainali, na tarehe 26 Novemba ikawa tena fainali, safari hii mjini London, Ontario, dhidi ya Rouge et Or wa Chuo Kikuu cha Laval, chuo chenye makombe ya Vanier mengi kuliko chochote. Sikutaka kutazama na watu. Niliiegemeza simu juu ya mashine ya kufulia, nikatia taulo za mazoezi, nikatazama huku nikikunja. Mashine ilipofika hatua ya kukamua, simu ilitembea yenyewe hadi ukingoni nami nikaidaka, na nikiwa nimeishika hivyo nikamsikia mtangazaji akilitaja jina la mkimbiaji wa Laval: Kalenga Muganda. Nilidhani nimesikia vibaya. Akalitaja tena, na tena, kwa sababu kijana yule alikuwa anapewa mpira mara kwa mara na anasogea. Mwaka mzima masikio yangu yalikuwa yamezoea majina ya Kiukraini na ya Kiskoti ya watoto wa wakulima wa Saskatchewan, na sasa hili lililosikika kana kwamba limetoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika lilikuwa linatajwa katika fainali ya Kanada, na lilikuwa linatufunga. Nikiri bila aibu: kila alipoangushwa nilifurahi, na kila alipoinuka salama nilifurahi pia.

Tulifungwa 30 kwa 24. Sita tena.

Mifuko iliporudi sikuhitaji kuambiwa chochote. Maji baridi, mapema, bila haraka. Wiki iliyofuata ilikuwa ya kurudisha vifaa, na hiyo kwa mchezaji wa mwaka wa tano ni siku ngumu kuliko fainali, kwa kuwa kanuni za vyuo zinampa misimu mitano tu. Kila kijana alikuwa na karatasi yake tangu mwaka wa kwanza, imeandikwa kila kitu alichopokea, na mimi nilisoma, yeye akaweka mezani, Mzee akatia alama. Akaja mmoja mkubwa, mwana wa mkulima wa ngano, aliyecheza mstari wa mbele mahali ambapo kamera haziangalii. Kofia, ipo. Pedi za mabega, zipo. Za mapaja, zipo. Mkanda wa kidevu? Kimya. Sote watatu tulikuwa tumemwona dakika moja kabla akiufungua kwenye kofia, akiukunja na kuutia mfukoni. Mzee aliinamisha uso kwenye karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa pole kwamba umepotea, akampa kalamu atie sahihi. Walishikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wa kule.

Niliitetea tasnifu yangu Julai 2023. Mmoja wa wanajopo aliniuliza kwa nini sura ya tatu inaeleza kwa kurasa nane jaribio lililoharibika, jambo ambalo wanafunzi wengi hulificha, nami nikajibu kwamba kwa aliyekuwa na nia ya kulirudia, hizo ndizo kurasa zenye manufaa. Siku ya kuondoka nilimkabidhi Mzee funguo. Aliniuliza kama huko niendako neno lake lina daraja la juu zaidi, nikamwambia lipo, Babu, lakini asubiri kidogo.

Nyumbani Mafinga nilifika usiku, na asubuhi mama alikwisha kufungua masanduku yangu kutafuta nguo za kufua, kwa sababu hilo halijawahi kuhitaji ruhusa. Nilimkuta ukumbini ameinama, ufagio mkononi, akitazama kirundo cha chembe nyeusi kilichodondoka kutoka katika soksi na viatu vyangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akaokota chembe mbili, akazisugua kwa vidole, akazinusa. "Hizi ni mbegu za nini? Nisije nikazifagia bure."